Jinsi ya kutoa pesa Kisumu kwa kadi ya benki ya ng'ambo bila kukamuliwa na makato

Binti ya kaka yangu anaishi Minnesota. Mwaka juzi alikuja nyumbani kwa mazishi huko Ugunja, na katika siku nne za matayarisho alisimama kwenye kila mashine ya pesa iliyokuwa karibu, akitoa shilingi 5,000 asubuhi, 5,000 jioni, kadiri mwenye hema, mwenye sufuria za kukodi au mpishi alivyodai malipo yake. Usiku wa mwisho alizitandaza risiti 8 juu ya meza yangu ya jikoni, akafungua programu ya benki yake kwenye simu, tukaanza kulinganisha mstari kwa mstari. Kila risiti ilikuwa imezaa makato mengine mawili huko kwao, na tulipomaliza kuyajumlisha alikaa kimya kwa muda. "Shangazi," aliniambia, "hizi pekee zingemlipa mpishi."

Tangu siku hiyo kila mtu wetu anayekuja kutoka ng'ambo nimekuwa nikimwandikia maelezo haya kabla hajapanda ndege. Sasa nayaweka pamoja kwa ajili ya yeyote anayekuja Kisumu, Kakamega, Busia au Nakuru akiwa na kadi ya benki ya nchi nyingine, awe ni mwenyeji anayerudi nyumbani au mgeni anayefika kwa mara ya kwanza.

Hatua ya kwanza: wajue wanaokukata

Watu wengi huilaumu mashine peke yake, kwa sababu ada yake ndiyo wanayoiona kwenye skrini. Ukweli ni kwamba pesa zako zinaweza kukatwa na mikono minne. Mwenye mashine anaweza kukutoza ada ya kutumia mashine yake. Benki yako inaweza kukutoza ada ya mkupuo, yaani kiasi kile kile kila mara bila kujali umetoa pesa ngapi, kwa kuwa umetumia mashine isiyo yake, na juu ya hapo ikakutoza asilimia fulani ya kiasi ulichotoa kwa kuwa muamala umefanyika nje ya nchi. Asilimia hiyo mara nyingi huwa kati ya 1 na 3. Mkono wa nne umejificha ndani ya kiwango cha ubadilishaji, nao nitauzungumzia kwa kirefu tutakapofika kwenye skrini, kwa sababu ndio unaowanasa hata watu waangalifu.

Tofauti kati ya ada ya mkupuo na ada ya asilimia ndiyo kiini cha mambo. Chukua mfano wa benki inayotoza dola 5 kila unapotoa pesa, pamoja na asilimia 3, na mashine inayotoza shilingi 400. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola moja, ambacho ndicho shilingi yetu imekuwa ikikizunguka tangu katikati ya mwaka 2024, dola 5 ni shilingi 645. Kila unapotoa pesa, basi, unapoteza shilingi 1,045 hata kabla ya asilimia kuhesabiwa. Ukitoa shilingi 40,000 kwa mara moja, utalipa hizo 1,045 pamoja na 1,200 za asilimia, jumla 2,245. Ukizitoa shilingi 40,000 hizo hizo kwa mafungu manane ya 5,000, asilimia itabaki 1,200 lakini ada za mkupuo zitafika 8,360, na jumla itakuwa 9,560. Pesa ulizopata mkononi ni zile zile.

Hatua ya pili: mambo ya kumaliza kabla ya kusafiri

Piga simu benki yako, au fungua orodha ya ada kwenye programu yake, upate majibu ya mambo haya: ada ya mkupuo ni kiasi gani, asilimia ya muamala wa nje ni ngapi, na kikomo cha kutoa pesa kwa siku ni kiasi gani. Uliza pia kama kuangalia salio kwenye mashine ya nje hutozwa, na kama muamala uliokataliwa nao hutozwa, kwa maana zipo benki zinazofanya yote mawili. Ikiwa yako ni mojawapo, salio liangalie kwenye simu tu.

Swali la kikomo cha siku huonekana dogo, ila limewasumbua wageni wengi. Shilingi 40,000 ni takriban dola 310. Mtu ambaye benki yake imemwekea kikomo cha dola 300 kwa siku atabonyeza 40,000, akataliwe, aende mashine ya pili, akataliwe tena, na mwisho aamini kwamba mashine za Kisumu hazipokei kadi yake. Angebonyeza 38,000 angezipata, hata baada ya kuongezewa ada ya mashine. Benki nyingi zinaweza kukipandisha kikomo hicho kwa muda wa safari ukiomba mapema.

Kama makato ya benki yako ni makali na safari iko mbali bado, fikiria kufungua akaunti nyingine kwa ajili ya safari. Kwa walio Marekani, akaunti ya hundi ya Charles Schwab inajulikana kwa kurejesha ada za mashine za nchi yoyote na kutotoza asilimia ya muamala wa nje. Kadi ya Wise hubadilisha pesa kwa kiwango cha soko kwa ada ndogo, lakini ina kikomo cha kila mwezi cha kutoa pesa bila ada, na ukikipita huanza kutoza. Baadhi ya kadi za namna hii huongeza asilimia ya ubadilishaji siku za wikendi, soko la fedha linapokuwa limefungwa, kwa hiyo soma masharti yake. Omba kadi wiki kadhaa kabla ya safari, maana hutumwa kwa posta.

Kadi ya mkopo usiitumie kabisa kutolea pesa taslimu. Benki huhesabu kwamba umekopa fedha, hukutoza ada ya mkopo huo, na riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo bila muda wa neema unaopewa unaponunua vitu. Iweke kwa ajili ya hoteli na tiketi. Kwenye mashine tumia kadi ya debiti, ile inayokata pesa zilizo kwenye akaunti yako, uwe na ya pili iliyofichwa mahali tofauti na ya kwanza, na uhakikishe kwamba namba yako ya siri ina tarakimu 4.

Hatua ya tatu: chagua mashine kwa makusudi

Kisumu tumebahatika, kwa kuwa benki nyingi zimejipanga katikati ya mji, kando ya Oginga Odinga Street na barabara zinazoikata, na mtu anaweza kutembea kutoka mashine moja hadi nyingine kwa dakika chache. Nakuru hali ni kama hiyo kando ya Kenyatta Avenue. Faida ya kuwa na mashine nyingi karibu ni kwamba hulazimiki kukubali ada ya ile ya kwanza. Benki hazitozi sawa kwa kadi za nje. Nyingine hutoza zaidi, nyingine kidogo, na ada hizo hubadilika. Mashine ikionyesha ada kabla ya kutoa pesa, isome, na kama hukuridhika bonyeza kitufe cha kufuta, chukua kadi yako, uende ya jirani. Ukishapata inayokufaa, andika jina la benki hiyo na uirudie safari nzima.

Kama unafuata maelezo ya zamani yanayokutuma kwenye mashine za Barclays, fahamu kwamba benki hiyo nchini Kenya ilibadilika jina na kuwa Absa mwezi Februari 2020, na makubaliano ya zamani kati yake na benki za ng'ambo usiyategemee mpaka benki yako ithibitishe.

Tumia mashine iliyo ukutani mwa tawi la benki au ndani yake, na uende saa za kazi, asubuhi siku za wiki ikiwezekana. Sababu ni ya kawaida sana: mashine ikiimeza kadi saa 4 asubuhi siku ya Jumanne, unaingia ndani na kuzungumza na mtu. Ikiimeza Jumamosi jioni, utasubiri hadi Jumatatu, na huenda kadi hiyo ndiyo pekee uliyo nayo. Anayeelekea vijijini, iwe ni Ugunja, Mbita au kando ya msitu wa Kakamega, atoe pesa kabla ya kuondoka mjini, kwa sababu huko mbele mashine ni chache, na mtu mwenye haraka hana nafasi ya kulinganisha ada.

Hatua ya nne: skrini yenye vitufe viwili

Siku iliyofuata ule usiku wa risiti, nilimsindikiza binti yetu mjini kutoa pesa za mwisho. Nilisimama nyuma yake kwa umbali wa heshima hadi aliponiita. Mashine ilikuwa imekwisha kupokea namba ya siri na kiasi, na sasa ilikuwa imemwandikia kwa Kiingereza kwamba inaweza kumbadilishia pesa papo hapo, ikimwonyesha ni dola ngapi hasa zitakazotoka kwenye akaunti yake. Chini kulikuwa na kitufe cha kukubali upande mmoja na cha kukataa upande wa pili. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kukubali. "Shangazi, nikikataa si nitakosa pesa?"

Hukosi. Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu maneno ya skrini hiyo yamepangwa kiasi kwamba kukataa kunaonekana kama kufuta muamala mzima. Unachokataa ni ubadilishaji tu. Muamala unaendelea, mashine inaidai benki yako shilingi, na ubadilishaji unafanywa kupitia mtandao wa kadi yako, Visa au Mastercard, kwa kiwango kinachokaribiana sana na kile cha soko. Mitandao hiyo miwili ina vikokotoo kwenye tovuti zao ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitumia kuona kiwango cha siku. Ukikubali, unamruhusu mwenye mashine akupangie kiwango anachotaka yeye, na faida ya tofauti hiyo hubaki upande wake.

Tuseme kiwango cha soko ni shilingi 129 kwa dola, na mashine inakupa 119. Kwa shilingi 40,000, kiwango cha soko kingekutoa dola 310 na senti chache. Cha mashine kitakutoa dola 336. Umepoteza dola 26, yaani takriban shilingi 3,360, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Isitoshe, benki nyingi za ng'ambo huendelea kutoza asilimia yao ya muamala wa nje hata kama umeshabadilishiwa, kwa kuwa wao hutazama nchi ambamo muamala umefanyika na si sarafu iliyotumika.

Kanuni niliyompa ni ya maneno machache: ukiwa Kenya, kila kitu kwa shilingi. Skrini ikikuuliza unataka kutozwa kwa sarafu gani, chagua shilingi za Kenya, ambazo huandikwa KES. Ikikuonyesha kiwango "kilichohakikishwa," kikatae. Iwapo skrini haieleweki na muda unakwisha, futa, pumua, uanze upya. Ni afadhali dakika 3 za ziada kuliko pesa hizo. Binti yetu alibonyeza kukataa, mashine ikanguruma, na noti zikatoka.

Hatua ya tano: kiasi, noti na risiti

Toa kiasi kikubwa kadiri kikomo chako, kikomo cha mashine na usalama wako vinavyoruhusu. Mashine nyingi hapa hazivuki shilingi 40,000 kwa mara moja. Mashine ikikuuliza aina ya akaunti, kwa kadi ya debiti chagua akaunti ya hundi au ya akiba. Kama unahitaji chenji ya matatu na bodaboda, omba kiasi kisicho cha maelfu kamili, mfano 39,500, ili upate angalau noti ya 500. Kisha zile za 1,000 zivunje kwenye supamaketi, kwa kuwa mama mboga wa soko la Kibuye hatakuwa na chenji saa 1 asubuhi.

Usiitupe risiti hadi muamala uonekane kwenye akaunti yako. Ikitokea mashine imehesabu, imelia, na haijatoa kitu, usianze kubonyeza upya kwa hasira. Subiri ikurudishie kadi, andika saa, mahali na namba ya mashine, ingia ndani ya tawi utoe taarifa, kisha uwasiliane na benki yako siku hiyo hiyo. Anayerejeshewa ni mteja wa benki iliyotoa kadi, kwa hiyo dai rasmi hupitia kwao hata kama kosa ni la mashine ya hapa.

Hatua ya sita: iache M-Pesa ifanye kazi iliyobaki

Ushauri wa kutoa kiasi kikubwa humtia mtu hofu ya kutembea na noti mfukoni, na hofu hiyo ina haki. Kwa bahati nzuri tuna njia ambayo nchi nyingi hazina. M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwaka 2007, na leo ni vigumu kupata duka katika mji wetu lisiloipokea. Mgeni anaweza kusajili laini ya simu na M-Pesa kwa pasipoti yake halisi. Nenda kwenye duka la Safaricom siku ya kwanza, kabla hujaanza shughuli nyingine yoyote.

Ukishapata laini, fanya hivi. Toa pesa mara moja kwenye mashine, bakiza kiasi unachohitaji mkononi, na zilizobaki ziweke kwenye simu kwa wakala. Kuweka pesa hakuna makato. Wakala ataomba pasipoti au kitambulisho chako. Kisha unapolipa dukani kwa namba ya tili, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa, mnunuzi hakatwi chochote. Kumtumia mtu shilingi 100 au chini yake pia hakuna makato. Kinachogharimu ni kutuma kiasi kikubwa zaidi kwa mtu na kutoa tena pesa kwa wakala, na ndiyo maana nakuambia ubakize taslimu za kutosha tangu mwanzo, badala ya kuziweka zote na kuzitoa vipande vipande kama tulivyoona kwenye zile risiti 8.

Kuna njia nyingine ambayo kwa safari ndefu huenda ikawa nafuu kuliko mashine yoyote. Huduma kama Wise, Remitly na WorldRemit hutuma pesa kutoka akaunti ya ng'ambo moja kwa moja hadi kwenye M-Pesa. Kwa hiyo unaweza kujitumia mwenyewe, au kumtumia jamaa unayemwamini ambaye atakulipia. Kabla ya kutuma linganisha kiasi cha shilingi kitakachofika, maana huduma inayotangaza kutuma bila ada inaweza kuifidia ada hiyo kwenye kiwango cha ubadilishaji. Kwa mazishi, harusi na ujenzi, ambako malipo ni mengi na yanawaendea watu wengi, mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko zote. Kumbuka tu kwamba muamala mmoja wa M-Pesa hauzidi shilingi 250,000, na simu haishiki zaidi ya 500,000.

Hatua ya saba: mahali ambapo hakuna haja ya taslimu

Usitoe pesa za kwenda Lake Nakuru National Park au kwenye bustani ya swala ya Kisumu. Ada za kuingia kwenye maeneo ya Kenya Wildlife Service hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa kadi au M-Pesa. Hoteli na supamaketi kubwa hupokea kadi, na hapo kadi isiyotoza asilimia ya muamala wa nje itakufaa kuliko noti. Lakini kuwa macho: kile kimashine cha dukani nacho kinaweza kuuliza dola au shilingi, na wakati mwingine mhudumu humbonyezea mteja jibu kwa nia njema ya kumsaidia. Mwambie kwa upole kabla hajaanza: "Naomba unitoze kwa shilingi." Itazame risiti, na kama imeandikwa dola, omba muamala ufutwe na ufanywe upya ungali pale kwenye kaunta.

Noti za dola ulizokuja nazo zibadilishe kwenye benki au duka la fedha lenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Njoo na noti mpya na safi za dola 100 au 50, kwa sababu ndogo hupewa kiwango cha chini, na zile za zamani au zilizochanika mara nyingi hukataliwa.

Kwa wale wanaovuka Busia au Malaba kuingia Uganda, hesabu huanza upya, na safari hii hata sisi wenye kadi za Kenya tunakuwa wageni. KCB na Equity zina benki ndugu upande wa pili, lakini usichukulie kwamba undugu huo unafuta ada. Uliza kwenye tawi lako kabla ya kuvuka. Pale kwenye skrini, chagua shilingi za Uganda.

Siku chache kabla ya kuondoka, punguza kutoa pesa, utumie zilizopo. Shilingi zitakazobaki zibadilishe hapa nchini, kwa maana huko ng'ambo ni maduka machache yanayozitaka. Salio la M-Pesa lilipie deni la mwisho la duka la karibu, au mtumie aliyebaki nyumbani. Binti yetu alimtumia mpishi.